Uchaguzi, mteule na L iliyopotea

Chukua kitenzi "teua". Kiweke katika kauli ya kutendwa: teuliwa. Mtaje aliyeteuliwa: mteule. Taja tendo lenyewe: uteuzi. Maneno manne ya mzizi mmoja, na mwishoni mwa mzizi huo mna mambo matatu. Katika "teua" hamna kitu, katika "teuliwa" na "mteule" mna l, na katika "uteuzi" mna z. Mtoto wa darasa la tano huyasema yote bila kukosea, wala hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha l ile hutoka wapi na huenda wapi.

Watu wakisikia kwamba lugha hubadilika, mawazo huenda moja kwa moja kwenye maneno mapya: ya simu, ya vijana, ya vijiwe. Hayo yapo, ila ndiyo tabaka la juu kabisa. Mabadiliko makubwa ya Kiswahili yalipita polepole, kizazi kwa kizazi, bila mtu kuyaamua na bila mtu kuyalalamikia, na alama zake bado zimo katika maneno tunayoyatamka kila siku. Anayezijua anaweza kuzifukua mwenyewe bila maabara na bila kamusi ya bei.

Tuanze na l.

Orodhesha vitenzi vya Kibantu vinavyoishia na irabu mbili: nunua, chukua, chagua, fungua, okoa, ondoa, pokea, potea, zaa, vaa, kaa, oa. Vipeleke katika kauli ya kutendwa au ya kutendea, nayo l itachomoza yenyewe: nunuliwa, chukuliwa, chaguliwa, funguliwa, okolewa, ondolewa, pokelewa, potelea, zaliwa, valia, kalia, olewa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. L ya "olewa" ilikuwamo tangu mwanzo katika mzizi ol-, na "oa" ndiyo iliyoipoteza.

Ushahidi wa pili tunaupata kwa lugha ndugu. Sisi tunasema mvua. Chichewa wanasema mvula, Kizulu imvula, na Mijikenda, ambao ni jirani na ndugu wa karibu kabisa, nao wanasema mvula. Sisi njaa, Chichewa njala, Luganda enjala. Sisi zaa, Luganda zaala. Sisi vaa, Chichewa vala. Sisi mkuu, Luganda mukulu. Sisi mguu, Luganda okugulu. Mungu wetu kwa Chichewa ni Mulungu, na wingi wetu "miungu" unaonyesha wazi mahali pengo lilipo. Gikuyu huweka r palipokuwa na l, kwa hiyo makaa kwao ni makara, na njia ni njĩra. Lugha moja ikitofautiana na sisi, huenda ni bahati. Lugha kadhaa zikiwa na l au r mahali palepale ambapo sisi tuna pengo, basi aliyetupa kitu ni sisi.

Kilichotupwa hakikutupwa ovyo. Kwa jumla, l ilianguka ndani ya shina ilipofuatwa na a, o au u: nunua, chaguo, ufunguo, mguu, juu. Ilibaki ilipofuatwa na i au e: kali, mwili, mbele, kidole, mteule, okolea. Mwanzoni mwa shina pia ilibaki mbele ya irabu hizohizo: lima, leta, lea. Hapo ndipo tofauti ya "teua" na "mteule" inapoeleweka. Ni mzizi uleule teul-, ila irabu inayofuata si ileile. Lipo neno "lala", ambalo limeshikilia l zake zote mbili na linahitaji maelezo ya peke yake, na lipo "kula", ambalo mzizi wake ni l tu, hivyo l ikianguka hakibaki kitu cha kutamka.

Kwa nini l na si k au t? Kwa sababu l kati ya irabu mbili ni sauti laini. Ulimi hugusa kidogo tu na pumzi haizuiliwi. Mtu akisema haraka, ulimi haufiki. Msikilizaji anaelewa hata hivyo, kwa kuwa maneno mengine ya sentensi yanamsaidia. Mtoto anayejifunza hasikii l ile vizuri, naye analijenga neno bila hiyo. Baada ya vizazi kadhaa hakuna tena anayeikumbuka, isipokuwa mahali ilipokingwa na i au e.

Hasara yake ni maneno kugongana. "Ua" la maua lilikuwa na l mwanzoni, na Chichewa bado wanasema maluwa. "Ua" ya kutoa uhai imesagika zaidi: linganisha na Gikuyu, ũraga. Konsonanti zote za kitenzi hicho zimekwenda, na ndiyo sababu kauli yake ya kutendwa ni "uawa", yenye a isiyotarajiwa, wala si "uliwa". Maneno mawili yasiyo na undugu yamesuguliwa hadi yakafanana. Hata hivyo lugha haikukwama, kwa sababu ngeli na sentensi hutenganisha: hakuna anayedhani ua la waridi limemuua mtu.

Sasa ile z. "Uteuzi", "uchaguzi", "mwokozi", "mnunuzi", "mzazi" na "mlezi" zote zina z palipokuwa na l. Mtu makini atauliza: ikiwa i hulinda l katika "chaguliwa", mbona i hiyohiyo imeigeuza z katika "uchaguzi"? Jibu ni kwamba hazikuwa i moja. Kibantu cha kale kilikuwa na irabu saba, na miongoni mwake i mbili: moja ya juu kabisa, iliyobana pumzi, na nyingine iliyokuwa chini yake kidogo. Gikuyu wanazo zote mpaka leo, na huandika i na ĩ. Ile ya juu ilikuwa na tabia ya kuichakaza konsonanti iliyoitangulia na kuifanya ya mkwaruzo: l ikawa z, t ikawa s, k ikawa sh, nd ikawa nz. Ndiyo maana fuata ina mfuasi, pika ina mpishi, linda ina mlinzi, penda ina mpenzi, iba ina mwizi na lewa ina mlevi. Baadaye i hizo mbili ziliungana katika Kiswahili, irabu saba zikawa tano, na sababu ya z ikafutika huku z yenyewe imebaki.

Kutokana na hapo unaweza kupanga mambo kwa mfuatano bila kuwa na tarehe hata moja. Kama irabu zingeungana kwanza, leo tungesema "chaguziwa". Hatusemi hivyo, basi mkwaruzo ulitangulia na muungano wa irabu ukafuata. Kuanguka kwa l nako kuna mpaka wake wa wakati. Tazama maneno yenye l mbele ya a ambayo hayakuguswa: mila, kabila, tawala, jumla, jela, hela. Yote ni ya kuazima. Yale ya Kiarabu yaliingia wakati kanuni ya kuangusha l ilikwisha kufa. Yangaliingia mapema zaidi, huenda leo tungesema "mia na desturi". Kanuni ya sauti hufanya kazi kwa muda fulani kisha hukoma, na maneno yanayokuja nyuma yake hupita salama.

Jaribio hili lina mtego mmoja unaowanasa wengi. "Sahau" hutoa sahauliwa, na "dharau" hutoa dharauliwa. Mtu anaweza kukimbilia kusema kwamba navyo vilikuwa na l. La, hivyo ni vya Kiarabu na l haikuwamo. Kilichotokea ni kwamba wasemaji walikwisha kuzoea kuwa kitenzi kinachoishia na irabu mbili hudai l katika kutendwa, wakakivisha mgeni vazi la wenyeji. Kwa hiyo kabla ya kupima, hakikisha asili ya neno. Kitenzi kinachoishia na u, i au e, kama sahau, samehe, jaribu au rudi, karibu kila mara ni cha kuazima. Vitenzi vya Kibantu huishia na a.

Kuvisha wageni mavazi ya wenyeji ni chanzo cha pili cha mabadiliko, na hapa mdomo hauhusiki. Ni akili ya mtoto inayokisia. Kiarabu kina "waqt". Tulipoipokea ikawa "wakati". Mtoto aliyekuwa akisikia wimbo na nyimbo, wembe na nyembe, akaisikia w ya "wakati" kama kiambishi, akaunda "nyakati". "Waraka" ikapata "nyaraka" kwa njia ileile. "Kitabu", ambayo ki- yake ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, ikapata "vitabu". "Masjid" ikawa msikiti na misikiti, "mu'allim" ikawa mwalimu na walimu. Mzunguko wa barabarani uliobandikwa amri ya Kiingereza ya kushika kushoto ukawa "kipilefti", na vikiwa viwili ni "vipilefti". Kila safari hesabu ni ileile: msemaji hupewa umoja tu, hutafuta neno la zamani linalofanana nalo mwanzoni, kisha huazima wingi wake.

Chanzo cha tatu ni uchakavu wa matumizi. Neno linalosemwa mara nyingi sana huliwa pembe kama sarafu. Sema "atakuja", kisha sema "atakayekuja". Ile ka imetoka wapi? Haikuongezwa; ilikuwapo. Wakati ujao ulijengwa kwa kitenzi "taka": ataka kuja. Mtu anayetaka kuja kwa kawaida atakuja, kwa hiyo maana ilihama kutoka utashi hadi wakati, na neno lilipokwisha kuwa chombo cha sarufi likafupishwa, -taka- ikawa -ta-. Katika sentensi rejeshi, "-ye-" ilijipachika nyuma ya -taka- na kuikinga, ndiyo maana umbo zima limehifadhika humo.

"-me-" ina habari kama hiyo. Asili yake ni kitenzi "mala", chenye maana ya kumaliza, katika umbo lake la kale la wakati uliopita: -mele. Kitenzi "mala" kimetoweka katika Kiswahili sanifu, lakini mtoto wake "maliza" yuko hai, na z yake sasa unaijua ilikotoka. "-li-" ni kitenzi kikongwe cha kuwa. Katika "aliye hapa" bado kina maana ya sasa. Katika "aliyekuja" kimekuwa alama ya wakati uliopita. Viambishi hivi vilipoenea, vilikisukuma pembeni kiambishi cha zamani cha mwisho wa kitenzi, -ile. Anayesoma tenzi za kale za kaskazini hukutana na "mbwene", yaani nimeona, na hukwama kwa sababu anatafuta -me- au -li- isiyokuwapo.

Wingi wa matumizi hufanya pia kinyume chake. Njoo, nenda na lete ni amri zisizofuata kanuni. Kwa kanuni tungesema "kuja", "enda" na "leta". Zimesalimika kwa sababu kila mtoto huzisikia mara kadhaa kwa siku kabla hajaanza kukisia chochote. Neno lisilo la kawaida ambalo halisemwi mara kwa mara hunyooshwa haraka. Matumizi mengi huchakaza sauti lakini hulinda upekee wa umbo, na ukiyachanganya mambo hayo mawili utakosea kila utabiri.

Maana nazo huhama, na hapa historia ya nje huonekana kwa macho. Katika koloni la Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64, hadi mwaka 1904 ilipogawanywa upya kuwa heller 100. Pesa ilikuwa sarafu ndogo, na heller ilikuwa ndogo vilevile. Wajerumani waliondoka, sarafu zikafutwa, na yale majina ya chenji yakapanda cheo hadi kumaanisha fedha yote: pesa, na kwa Tanzania hasa, hela. Gereza limekwenda mbali zaidi. Neno la Kireno "igreja" ni kanisa. Wareno walianza kujenga Fort Jesus huko Mombasa mwaka 1593, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Jina likashikamana na ngome; kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa jela ya serikali, na leo hakuna anayesikia kengele za ibada ndani ya neno gereza. Shule ni Kijerumani kitupu, na haijabadilika maana hata kidogo.

Maandishi husaidia, lakini yataka uangalifu. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zilizosalia, zilizohifadhiwa Goa, ni za mwanzoni mwa karne ya 18. Zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa asili haina herufi za p, v wala ch, na irabu tano zetu inazionyesha kwa alama tatu. Mwandishi aliweka b penye p, na mara nyingi alama moja ilisimamia i na e. Anayesoma hati kama hiyo na kudai kwamba watu wa zamani walitamka b mahali pa p amesoma mapungufu ya kalamu akayaita matamshi. Njia salama ni kuanza na ulinganisho wa lahaja na lugha ndugu, kisha kuuliza kama hati inaafikiana nao.

Lahaja zinastahili heshima zaidi ya ile zinayopewa darasani. Kutoka Mombasa hadi Lamu utasikia mato, mtele na teka mahali pa macho, mchele na cheka, t ikiwa ya kwenye meno. Utasikia ndia, ndaa na ndoo kwa njia, njaa na njoo. Moya na yana kwa moja na jana. Tazama jinsi zilivyojipanga: ch kwa t, nj kwa nd, j kwa y. Mtu anayekosea hakosei kwa mpango namna hiyo. Hizo ni njia mbili zilizotoka shina moja. Kilichoipa Kiunguja nafasi ya usanifu ni uamuzi wa watu: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kisha Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930. Wamisionari wa Mombasa walikuwa wakitumia Kimvita na wale wa Unguja Kiunguja. Ikabidi vitabu vya shule viwe vya upande mmoja. Mwalimu anayemwambia mtoto wa Lamu kwamba "mato" ni makosa anamfundisha uongo. Amwambie kwamba mtihani unataka macho, na kwamba nyumbani kwao mato ni Kiswahili sahihi.

Usanifu hupunguza mwendo wa mabadiliko kwenye karatasi. Mdomoni haufiki mbali. Nairobi na Lubumbashi "mwenye" na "yenye" zimekuwa virejeshi: "mtu mwenye alikuja", kwa mtu aliyekuja. Anayeshangaa akumbuke kwamba hata "ambaye" imejengwa juu ya kitenzi cha kale "amba", yaani sema. Kazi ileile imebebeshwa neno jingine.

Mabadiliko ninayoyafuatilia kwa hamu kuliko yote ni -ga. "Anapendaga", "nakulaga", "wanakujaga". Watu wengi wa bara la Tanzania husema hivi kwa jambo la mazoea, mahali ambapo sanifu hutaka hu-: hupenda, hula, huja. Wahariri huikata, walimu huikaripia, na wengi huiita uchafu wa lugha za makabila. Ni kweli kwamba imeingia kupitia wasemaji wa lugha za bara. Gikuyu wana -aga ya mazoea, na Kisukuma na Kinyamwezi nao wana kiambishi hicho. Lakini si mgeni kwetu. Ni kiambishi cha Kibantu cha kale, -ag-, ambacho Kiswahili cha pwani kilikipoteza katika vitenzi kikakihifadhi ndani ya majina. Mchezaji, msomaji, mfugaji, mwindaji: ile -aji ni -ag- pamoja na i ileile ya juu iliyozaa uchaguzi, g ikalainika kuwa j. Msomaji ni mtu asomaye mara kwa mara, na umazoea huo umo katika -aj-. Kanuni ya mpishi na mfuasi imekufa, hakuna tena anayeunda neno jipya kwa njia hiyo, ilhali -aji inazaa kila siku: mtumiaji, mkopaji, mchangiaji, mpakuaji. Anayesahihisha "anasomaga" kwa kalamu nyekundu ana -ag- hiyohiyo katika cheo chake cha msomaji wa prufu.

Ukitaka kujua kama umbo jipya linapita njia au limekuja kukaa, usihesabu wangapi wanalisema. Tazama kama limeanza kutii sarufi ya ndani. Kitenzi cha Kiswahili kikikanushwa katika wakati uliopo, a ya mwisho hugeuka i: ninapenda, sipendi. Sikiliza sasa wanachosema watu mitaani: sipendagi, haendagi, hawajuagi.